Foleni iwe kwako, isiwe kwenye modemu

Watu wakilalamika intaneti nzito jibu la kwanza wanalopewa ni ongeza kifurushi, chukua spidi kubwa zaidi, na mi naona hapo ndo wengi wanapopotea. Laini inaweza kuwa na megabiti za kutosha kabisa na bado isitumike vizuri, yaani mtu mmoja akianza kupandisha bakapu ya picha zake, aliyeko kwenye simu ya video sauti inaanza kukatika, anayecheza gemu anapigwa risasi na mtu ambaye hata hajamwona, na wewe ukifungua ukurasa mwepesi tu unakaa unasubiri. Ukipima spidi muda huo namba zinatoka nzuri tu! Kilichoharibika ni muda. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, iliyokuwa inaenda na kurudi kwa milisekunde 20 sasa inatumia 900, na vipimo vingi vya spidi namba hiyo vinaiweka pembeni kwa maandishi madogo au havioneshi kabisa.

Dawa yake iko kwenye foleni za fayawoli, yaani kifaa au programu inayosimamia pakiti zinazoingia na kutoka kwenye mtandao wako, na kwa mtu ambaye tayari ana fayawoli inayoeleweka, iwe pf, ile iliyomo ndani ya mfumo wa OpenBSD, pfSense, OPNsense au ruta ya OpenWrt, hamna cha kununua hapo. Ni mistari michache. Ila mistari hiyo ukiiweka bila kuelewa foleni inakaa wapi haitafanya chochote, na nimeona konfigi nyingi sana za hivyo, ndefu, zimepangwa vizuri, zina madaraja saba ya vipaumbele, na hazifanyi kazi hata kidogo.

Tuanze na hesabu kwanza maana hesabu inamaliza ubishi. Modemu ina bafa, sehemu ya memori ambako pakiti zinakaa kusubiri zamu ya kutoka. Chukua bafa ya megabaiti 1 na laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti 1 ni megabiti 8, gawa kwa 2, unapata sekunde 4. Maana yake bafa hiyo ikijaa, pakiti yoyote inayoingia nyuma, hata kama ni ya sauti, hata kama ni ka swali kadogo ka DNS, ka kuuliza anwani ya tovuti, inakaa sekunde 4 nzima kabla haijatoka nje ya nyumba. Kwa simu wataalamu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, sa piga picha sekunde 4. Na memori ikawa bei rahisi, watengenezaji wakaweka bafa kubwa wakiamini kupoteza pakiti ndo dhambi kubwa kuliko zote. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyeanza kulipigia kelele hili tatizo mwishoni mwa 2010 mpaka watu wakasikia.

Na kwanini bafa ijae? Kwasababu TCP, utaratibu ambao kompyuta zinautumia kutumiana data nyingi, haiambiwi na mtu kwamba laini imejaa. Inaongeza mwendo, inaongeza, inaongeza, mpaka pakiti ipotee, ikipotea ndo inajua imezidisha na inapunguza. Tabia hii haikuwekwa kwa bahati mbaya. Oktoba 1986 njia ya mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majirani kabisa, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, ndiyo, arobaini, kwasababu kila kompyuta ilikuwa inatuma na kurudia kutuma bila kupunguza. Wataalamu Van Jacobson na Michael Karels wakaja na dawa wakaiandika 1988, na mpaka leo sehemu kubwa ya intaneti inaishi kwa wazo hilo, kwamba pakiti iliyopotea ni taarifa. Sasa bafa kubwa inafanya nini, inaificha ile taarifa. Pakiti haipotei, inakaa tu kwenye foleni, mtumaji anaona mambo shwari anaongeza tena, na foleni haishuki tena hadi mzigo uishe.

Hapo sasa tuje kwenye fayawoli yenyewe. Fayawoli yako imeunganishwa na modemu kwa waya wa gigabiti 1. Modemu inapandisha megabiti 10. Foleni inajengeka wapi? Kwenye modemu! Upande wa fayawoli kila pakiti inapita palepale inapofika kwasababu waya wake uko wazi, mia kwa mia wazi, hakuna hata siku moja unajaa. Foleni siku zote inajipanga kwenye mlango mwembamba kuliko yote, na mlango huo si wako, ni wa modemu, na modemu haijui sauti ni ipi na bakapu ni ipi, inatoa kwa utaratibu wa aliyetangulia.

Kwahiyo mtu anayeandika `set prio` kwenye pf, ngazi 0 hadi 7, simu akaipa 6 na mzigo akaupa 1, halafu asiweke kikomo cha spidi popote, amepanga vipaumbele kwenye foleni ambayo haipo. Kipaumbele kinafanya kazi pale tu pakiti mbili zinapogombania nafasi kwa wakati mmoja, na kwenye waya wa gigabiti unaobeba megabiti 10 hazigombanii. Hili ndo jambo moja ningetaka kila mtu alishike kabla hajagusa konfigi yoyote: kwanza ihamishe foleni ije kwako, halafu ndo uanze kuongea habari za nani atangulie.

Unaihamishaje? Unaifanya fayawoli yako iwe mlango mwembamba. Laini inapandisha 10, wewe unaiambia fayawoli isitoe zaidi ya 9. Basi. Modemu inapokea kidogo kuliko inavyoweza kutoa, bafa yake inabaki tupu muda wote, na foleni yote inabaki kwenye kifaa unachokitawala. Watu wanaumia roho hapa, eti napoteza asilimia 10 ya laini niliyoilipia. Mi nasema hiyo ndo asilimia 10 yenye faida kuliko zote, maana hizo megabiti tisa zilizobaki sasa zinatumika na watu wote kwa pamoja bila mmoja kumnyima mwenzake pumzi.

Namba ya kuanzia usiitoe kwenye tangazo la kifurushi, ipime. Usiku laini ikiwa haina mtu, piga kipimo cha spidi mara kadhaa kwa waya, si kwa waifai, chukua ile ya chini inayojirudia rudia, anza na asilimia 85 ya hiyo. Kisha jaza laini kwa makusudi, pandisha faili kubwa, na kwenye dirisha lingine acha `ping` inaenda. Ukiona muda umekaa karibu na ule wa laini tupu, panda kidogo, pima tena, panda kidogo, hadi pale muda unapoanza kuruka, rudi nyuma hatua moja. Hapo ndo pako. Upande wa kupandisha ufanye kwanza peke yake, ukimaliza ndo uje wa kushusha, ukichanganya vyote viwili hutajua kipi kimeleta nini.

Kuna jambo la laini za zamani za ADSL, zile zinazopita kwenye waya wa simu, linalosumbua watu. Pale chini zinatumia ATM (si mashine ya pesa, ni njia ya kusafirisha data), data inakatwa vipande vya baiti 48 vinavyosafiri ndani ya seli za baiti 53, yaani karibu sehemu ya kumi inaliwa na makaratasi ya njiani, na pakiti ndogo zinaumia zaidi kwasababu seli ya mwisho hata ikiwa nusu tupu inahesabiwa nzima. Fayawoli haijui hayo yote isipokuwa uiambie. CAKE, msimamizi wa foleni wa kwenye Linux, ina sehemu ya kuandika gharama hiyo ya ziada, pf haina, kwahiyo kwenye pf unashusha tu kikomo zaidi mpaka vipimo vikubali.

Foleni ikishakuwa kwako, nani ataisimamia? Zamani jibu lilikuwa refu. Siku hizi kwa watu wengi jibu ni FQ-CoDel, utaratibu wa kusimamia foleni wenye sehemu mbili, FQ na CoDel, na kazi imeisha. CoDel ilitoka 2012, ya Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson, na uzuri wake ni kwamba haiangalii foleni ina pakiti ngapi, inaangalia kila pakiti imekaa humo muda gani. Foleni ya ghafla inayojaa na kuisha haina shida, hiyo ni kawaida ya mtandao, lakini kama kwa milisekunde 100 mfululizo hakuna pakiti iliyotoka ikiwa imesubiri chini ya milisekunde 5, basi hiyo ni foleni iliyokaa bure, inaanza kuangusha pakiti moja moja ili TCP ipate ile taarifa yake mapema. Ile sehemu ya FQ, iliyoandikwa na Eric Dumazet kwenye keneli ya Linux mwaka huohuo, inagawa koneksheni kwenye foleni ndogo ndogo, kawaida 1024, na kuzipa zamu. Koneksheni inayotuma kidogo kidogo, kama sauti au DNS au mtu anayeendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi kupitia SSH, inakuta foleni yake tupu na inapitishwa mbele. Bakapu inakuta foleni yake ndefu na inajisubiri yenyewe. Angalia vizuri hapo, hakuna mtu aliyeandika popote kwamba sauti ni muhimu, imejitokeza yenyewe kutokana na tabia ya pakiti, na hilo mi naliona ni moja ya mambo mazuri zaidi yaliyofanyika kwenye mtandao kwa miaka mingi.

Kwenye OpenBSD FQ-CoDel inapatikana tangu toleo la 6.2 la 2017 na konfigi yake ni hii, em0 ikiwa upande wa modemu na em1 upande wa ndani, kwa laini inayoshusha 50 na kupandisha 10:

```
queue nje   on em0 flows 1024 bandwidth 9M  max 9M  qlimit 1024 default
queue ndani on em1 flows 1024 bandwidth 42M max 42M qlimit 1024 default
```

Mistari miwili. Linux ukitumia CAKE, ambayo iliingia kwenye keneli 4.19 mwaka 2018, upande wa kupandisha ni mstari mmoja, `tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 9mbit`, na OpenWrt ina programu ya ziada inayoitwa SQM inayokufanyia pande zote mbili. pfSense na OPNsense unabofya tu kwenye kurasa zake. Ila laini yako ikiwa chini ya megabiti 2.4 hivi, jua kwamba pakiti moja nzima ya baiti 1500 peke yake inatumia zaidi ya milisekunde 5 kutoka, kwahiyo lengo la milisekunde 5 haliwezekani kwa hesabu tu, CoDel itaangusha pakiti zisizo na kosa. CAKE inajirekebisha yenyewe, kwenye FQ-CoDel ya Linux unapandisha lengo kwa mkono.

Umeona huo mstari wa em1? Watu wanauliza, pakiti zinazoshuka zimeshapita kwenye laini, zimeshafika, kuzichelewesha mlangoni kwangu kunasaidia nini? Swali zuri. Huwezi kumzuia mtumaji moja kwa moja, lakini unaweza kumfanya ajisikie amezidisha. Ukiangusha pakiti chache hapo kwako, seva ya mbali inaona zimepotea, inapunguza mwendo, na foleni iliyokuwa inajengeka kwenye vifaa vya mtoa huduma inayeyuka. Haina uhakika kama upande wa kupandisha, inachelewa safari moja ya kwenda na kurudi kabla haijafanya kazi, ndo maana upande huu unaacha nafasi kubwa zaidi, 85 badala ya 90 au 95. Na kuna kitu cha kuangalia, kama fayawoli hiyohiyo inapitisha pia trafiki kati ya mitandao yako ya ndani, kwa mfano kompyuta zinachukua mafaili kutoka seva iliyoko sehemu nyingine, trafiki hiyo nayo inatokea em1 na utaibana kwenye 42 bila sababu. Hapo inabidi foleni kuu ya em1 iwe ya gigabiti, chini yake uweke moja ya intaneti yenye kikomo na nyingine ya mambo ya ndani.

Sasa kuna wakati FQ-CoDel peke yake haitoshi. Inagawa kwa koneksheni, si kwa mtu, kwahiyo mwenye koneksheni 60 za torenti anapata mafungu 60 na mwenye moja anapata moja. CAKE inaweza kugawa kwa kompyuta kwanza halafu ndo kwa koneksheni, na hiyo inamaliza kesi nyingi. Au una ofisi yenye simu nyingi na unataka uhakika wa kiasi fulani hata itokee nini. Hapo ndo unarudi kwenye madaraja, na kwenye pf chini yake ni HFSC, utaratibu wa kugawa laini kwa mafungu, kazi ya Ion Stoica, Hui Zhang na Eugene Ng ya 1997. OpenBSD imeificha hesabu yake nzito nyuma ya maneno matatu: `bandwidth` ni fungu lako wakati wa kugombania, `min` ni unachohakikishiwa, `max` ni ukuta.

```
queue nje     on em0 bandwidth 9M max 9M
queue haraka  parent nje bandwidth 2M min 1M
queue kawaida parent nje bandwidth 6M default
queue mzigo   parent nje bandwidth 1M

match out on em0 proto tcp set queue (kawaida, haraka)
match out on em0 proto udp to port 5060 set queue haraka
match out on em0 proto tcp from $seva_bakapu set queue mzigo
```

Angalia mzigo haina `max`, kwahiyo usiku laini ikiwa tupu bakapu inakula zote 9, mchana inarudi kwenye 1. Ukiiwekea `max` unaiadhibu bure wakati hakuna anayegombania. Na bandari 5060 (bandari ni namba inayotambulisha huduma kwenye kompyuta) ni ya kupanga simu tu, sauti yenyewe inapita bandari nyingine kulingana na mtambo wenu wa simu, kwahiyo nayo iongezee mstari wake, la sivyo simu itaita haraka na maongezi yatakatika.

Ule mstari wa TCP wenye foleni mbili kwenye mabano unastahili kuangaliwa vizuri. Ya pili inapokea zile pakiti tupu za kuthibitisha, ACK zisizo na data, pamoja na zilizowekewa alama ya kutaka haraka. Kwanini ni muhimu hivyo? Kushusha megabiti 50 ni pakiti kubwa kama 4,100 kwa sekunde, mpokeaji kwa kawaida anathibitisha kila pakiti ya pili, hivyo ACK zaidi ya 2,000 kwa sekunde zinapanda, na hizo peke yake zinakaribia megabiti 1. Kwenye laini yenye upande mwembamba wa kupandisha, bakapu ikiziba njia na ACK zikakwama nyuma yake, spidi ya kushusha inaporomoka ingawa upande wa kushusha hauna mtu. Ndo ile hali mtu anasema nikituma kitu kila kitu kinasimama.

Madaraja yasizidi matatu, manne mwisho. Zamani ungetambua kila kitu kwa namba ya bandari, leo video, apdeti, bakapu, mkutano, karibu vyote vinapita bandari 443, ile ya tovuti, na vimefungwa kwa siri, hutajua kipi ni kipi kwa kuangalia nje. Chuja kwa kompyuta inayotuma, au kwa alama ambazo kifaa chenyewe kimeweka kama unakiamini, na kilichobaki kiache kwenye kawaida. Anayejitahidi kuorodhesha kila programu atakuwa anaifukuzia hiyo orodha maisha yake yote.

Vitu viwili vya kiufundi vinavyofanya watu wadhani foleni hazifanyi kazi. Kwanza pf inaamua foleni wakati koneksheni inaanza na kuikumbuka, kwahiyo ukibadilisha kanuni, bakapu iliyokwishaanza inabaki kwenye foleni ya zamani hadi iishe, ama uikate kwa `pfctl -k` na anwani yake. Pili, ruta nyingi ndogo zina njia ya mkato kwenye chipu inayopitisha pakiti bila kuigusa prosesa, ikiwa imewashwa pakiti zinaruka foleni zako zote. Izime. Ukishaizima prosesa ndo inabeba kila kitu, na ruta dhaifu inaweza isifike spidi ya laini yako, hilo ulijue kabla hujailaumu konfigi.

Laini za simu na za setilaiti ni kesi ngumu kweli kweli. Spidi yake inapanda na kushuka kila dakika, asubuhi megabiti 40, jioni 6, na kikomo kimoja hakiwezi kuwa sahihi. Ukiweka 5 unateseka asubuhi, ukiweka 35 jioni foleni inarudi kwenye modemu na umerudi pale pale. Kuna skripti za OpenWrt zinazopima ping muda wote na kusogeza kikomo cha CAKE zenyewe kufuata hali, zinasaidia sana ingawa huwa zinachelewa kidogo kushtuka. Kama huna hizo basi chagua namba ya chini unayoweza kuishi nayo, hasa kama kuna mtu anategemea laini hiyo kwa mikutano ya kazi.

Ukishaweka, usiende kulala kabla hujaangalia kaunta. `systat queues` au `pfctl -vvs queue` zitakuonesha kila foleni imepitisha pakiti ngapi na imeangusha ngapi. Jaza laini ukiwa unaangalia. Foleni ya mzigo ikiangusha pakiti ni dalili njema, ndo kazi yake hiyo. Haraka ikianza kuangusha, aidha umeipa kidogo au kuna kitu kisichostahili kimeingia humo, tafuta ni kompyuta gani. Na kama umejaza laini mpaka mwisho na hakuna foleni hata moja iliyoangusha pakiti wala yenye pakiti zinazosubiri, foleni bado iko kwenye modemu, shusha `max` ya foleni kuu uanze kupima upya.